Akina Mama wa Kibera Waliomfuata Nyangumi

Ikiwa unaishi Laini Saba kule Kibera, au karibu na steji ya 46 Kawangware, huenda nyangumi umemjua kanisani au madrasani tu. Waliofundishwa habari za Yona na waliofundishwa za Nabii Yunus, wote wamekua wakidhani kuwa mnyama huyo ni wa kale, tena wa bahari za mbali. Basi ukiambiwa kwamba kila mwaka, kati ya Julai na Oktoba, nyangumi hupita katika bahari yetu wenyewe, mwendo wa usiku mmoja kwa basi kutoka Nairobi, tafadhali usicheke. Wako akina mama waliocheka hivyo hivyo, kisha wakaanza kuchanga pesa.

Chama chao kilikuwa na wanachama 12. Nusu ni wa Kibera na nusu ni wa Kawangware, kwa kuwa walijuana wakiwa vibarua wa kufua nguo katika nyumba za Lavington. Siku hizi baadhi yao huuza mboga, na wawili wana vibanda vya mitumba katika soko la Toi. Kwa miaka mingi pesa za mzunguko zilinunua sufuria, magodoro na mabati. Lakini mnamo Novemba 2023 mtoto wa mmoja wao, msichana wa darasa la saba, aliuliza swali mbele ya mkutano: "Mama, hivi sisi tutaiona bahari lini?" Mwalimu wake alikuwa amewasomea darasani habari za nyangumi wa Pwani.

Hakuna aliyekuwa na jibu. Jumapili iliyofuata walikubaliana kila mmoja atoe shilingi 200 kwa wiki hadi likizo ya Agosti, na shilingi 100 kwa kila mtoto atakayesafiri.

Sidhani kuna haja ya kukueleza yaliyosemwa majumbani. Mume mmoja aliuliza kama karo sasa inapelekewa samaki. (Nyangumi si samaki, na tutafika huko.) Januari 2024 nauli ya treni ya Mombasa, daraja la kawaida, ikapanda kutoka shilingi 1,000 hadi 1,500, na hesabu yote ikabidi ifanywe upya. Aprili na Mei zikaja zile mvua za mafuriko. Wanachama wawili waliingiliwa na maji ndani ya nyumba, wakaomba kurudishiwa michango yao, na walirudishiwa bila maneno. Mweka hazina, mama mkali ambaye daftari halimtoki mkononi, aliniambia kuwa usiku ule alikaribia kuivunja safari nzima.

Hata hivyo Agosti ilifika, nao wakaondoka Syokimau, akina mama kumi na watoto sita. Mwandishi wa makala haya alikuwa nao. Watoto walihesabu ndovu wa Tsavo kupitia dirishani hadi wakagombana juu ya hesabu. Mombasa tulivuka kwa feri ya Likoni, tukapita Ukunda na Msambweni, na giza lilipoingia tulikuwa Shimoni, bandari ndogo iliyopewa jina hilo kwa ajili ya mapango yake. Mtoto wa Kibera aliyezaliwa mtaa wa Mashimoni alilipenda sana jina hilo, akasema amefika nyumbani. Ng'ambo ya mkono mwembamba wa bahari kiko kisiwa cha Wasini, na huko ndiko tulikolala.

Asubuhi kabla ya kupokea pesa, nahodha alisimama mbele ya akina mama akasema wazi: "Mama zangu, pomboo naweza kuwaahidi karibu kwa hakika. Nyangumi siwaahidi. Huyo ni wa Mungu."

Mweka hazina akataka nusu ya malipo irudishwe nyangumi asipoonekana. Nahodha akakataa kwa upole. Mafuta huchomeka hata kama bahari ni tupu, alisema. Nilimwona yule mama akilishika daftari lake kwa mikono miwili. Hizo zilikuwa Jumapili karibu 40 za watu kumi. Hatimaye akalipa.

Hapa, msomaji, nikuambie tulikuwa tunamtafuta nani. Aina inayoonekana zaidi kwetu ni nyangumi wenye nundu. Mtu mzima huwa na urefu wa mita 12 hadi 16, na uzito wake hukaribia tani 30. Mapezi yake ya ubavuni ni marefu hadi thuluthi moja ya mwili. Hula viduvi vya baharini katika maji baridi karibu na Ncha ya Kusi, kisha husafiri zaidi ya kilomita 6,000 kuja kwenye maji yetu ya uvuguvugu kupandana na kuzaa. Sisi treni ya kilomita 470 ilitutoa jasho.

Mimba yake ni ya miezi 11 au 12. Mtoto huzaliwa akiwa na urefu wa mita nne hivi na uzito wa karibu tani moja, naye hunyonya maziwa mazito yenye mafuta mengi. Huyo mama anayemnyonyesha kwa kawaida hali chochote cha maana muda wote awapo huku. Anaishi kwa akiba ya mafuta aliyojiwekea kusini. Nilipowaeleza haya akina mama wa chama, mmoja alisema, "Kumbe naye ana chama chake." Walicheka sana.

Karne ya 20 nusura iwamalize. Meli za kuvulia nyangumi ziliwaua kwa maelfu kwa ajili ya mafuta yao. Mwaka 1979 Bahari ya Hindi ilitangazwa kuwa hifadhi ya nyangumi, na kuanzia 1986 uvuvi wao wa kibiashara ulisimamishwa duniani. Tangu hapo wenye nundu wameongezeka tena.

Ubaya wake ni kuwa wanakuja msimu wa kusi, wakati bahari imechafuka. Tulipoupita ukingo wa matumbawe wa Kisite na kuelekea upande wa Mlango wa Pemba, boti ilianza kupanda na kushuka kama matatu kwenye barabara ya vumbi. Pomboo walikuja mapema, wakaruka mbele yetu, watoto wakapiga mayowe. Baadaye kukawa kimya. Saa moja ikapita, ya pili ikaanza. Akina mama wanne walikuwa wameinama upande wa kushoto wakitapika, mweka hazina mmoja wao.

Ndipo upande wa kulia ukaruka mvuke mweupe, na sauti ikatufikia kama mtu mkubwa anayeshusha pumzi baada ya kutua mzigo. Mgongo mweusi ukajikunja polepole. Kando yake ukatokea mwingine mdogo. Nahodha alipunguza moto wa injini.

"Sogea! Sogea tuone!" akina mama walipiga kelele.

"Hapana, mama zangu. Mita 100 zatosha. Ana mtoto huyu. Wewe ukiwa na mwanao mgongoni, utapenda matatu ikufuate nyuma?"

Hakuna aliyebisha tena. Yule mama nyangumi alipumua mara tano, akainua mkia wake mpana, nao ukazama bila kishindo. Chini ya mkia huo mna madoa meupe na meusi ambayo hayafanani kwa nyangumi wawili wowote, na wataalamu huyatumia kuwatambua mmoja mmoja. Sisi tuliyaona kwa muda wa kupepesa jicho.

Mweka hazina hakuona chochote. Alipoinua kichwa, bahari ilikuwa imejifunika.

Ukitaka kwenda, nenda Agosti au Septemba, kula kidogo asubuhi, na usipande boti isiyo na jaketi za kuokolea maisha kwa kila mtu, watoto wakiwemo. Watamu nako ni mahali pazuri. Manahodha na wavuvi wa huko huripoti nyangumi wanaowaona kwa mtandao wa kuwarekodi ulioanzishwa mwaka 2011. Ukiwa Wasini usiache kupita juu ya daraja la mbao la bustani ya matumbawe, linalosimamiwa na kikundi cha akina mama wa kijiji. Wenzao wa Nairobi walikaa nao hapo mchana kutwa wakilinganisha madaftari.

Ndani ya treni ya kurudi, mweka hazina aliwaita watoto mmoja mmoja wamweleze walichokiona. Mmoja alisema mnyama yule alikuwa kama basi, mwingine akasema kama paa la kanisa. Msichana wa darasa la saba alisema tu kwamba anapumua kama sisi. Mama yule akafungua daftari, akageuza ukurasa mpya, akaandika "Agosti 2025", na chini yake jina lake mwenyewe na shilingi 200.