Poem Moja kwa Siku, na Neno la Insha Ndani

Kama bado unangojanga mood ndio uandike poem, pole, umeachwa na mat. Kwa baze yetu ni poem kila siku. Si Valentine pekee, si matanga pekee. Kila siku, hata Jumatatu. Unapewa prompt, unapewa neno moja ngori, na kabla ulale umedondosha verse. Ati "sina mood"? Mood ni ya watu wa Runda.

Prompt inaingia kwa group asubuhi. Anaiseti msee yeyote ameamka wa kwanza na ako na bundles. Na si zile za "andika kuhusu amani", hizo waachie walimu. Zetu zinatoka mtaani. Konda amekataa kurudisha change. Kiatu ya Gikosh imekufinya mguu lakini inawaka. Tokens zimeisha na dem ndio ameingia keja. Hiyo ya mwisho inaanza kujiandika kabla upate biro.

Neno nalo tunalitoa kwa insha. Unakumbuka zile maneno ulikuwa unabebesha insha ya class eight ndio upate 38 juu ya 40? Barubaru. Ayari. Chajio. Kidosho. Kimbaumbau. Uliziacha kwa gate ya primo ukaenda high school kuongea ka msee wa Netflix. Sisi tumezirudia. Ziko fresh kabisa, hakuna mtu amezigusa tangu KCPE.

Na kuna sababu hii kitu inawork. Ukiambiwa uandike chochote unataka, akili inakimbilia njia yenye imezoea: moyo, choyo, ua, jua. Lakini ukiambiwa ni change ya konda na lazima "ayari", yaani tapeli, aingie, hiyo njia imefungwa. Inabidi umcheki konda vizuri. Vile amekunja noti kwa vidole. Vile anaangalia nje ya mlango ukimwitisha mbao yako. Vile anakuita "boss" na bado hakurudishii. Umepanda hiyo mat miaka na hujawahi kumwona. Leo umemwona.

Cheki hii. Prompt ilikuwa tokens, neno lilikuwa kimbaumbau, yaani msee mrefu na mwembamba:

Kimbaumbau wa stima, amesimama kwa njia,
Keja nayo imezima, giza imetuingia,
Landilodi anahema, doo anaitishia,
Tochi ya simu si noma, poem naimalizia.

Mlingoti wa stima umegeuka mtu! Bila hiyo neno ungebaki tu mlingoti. Mzee wa plot yetu alisikia tukiisoma akasema Sheng haiwezi kuwa shairi, ati haina vina wala mizani. Mzee, hesabu. Nane hapa, nane pale, kumi na sita kila mstari, vina kati na mwisho. Alihesabu kwa vidole akaishiwa na vidole. Akarudi kwa redio yake.

Shida ya wazee ni moja: wanafikiria ushairi ulianzia kwa setbook. Muyaka bin Haji wa Mombasa, mzaliwa wa 1776 hivi, alidedi 1840, alikuwa anatunga juu ya kila kitu: mapenzi, njaa, vita, siasa ya mtaa. Tungo nyingi za Pwani zilikuwa za dini, yeye akazileta sokoni. Wamazrui wa Mombasa wakiwa na beef na Seyyid Said wa Oman, nani alikuwa anashusha diss? Muyaka. Watu walikuwa wanarushiana mashairi na kujibizana. Hiyo ni baze, mzee. Hiyo ni baze kabisa.

Sasa aibu. Kuanza na "Ewe" ni aibu. Kubandika poem juu ya picha ya waridi na kuitupa status, aibu tupu. Kurhyme "moyo" na "choyo", hizo mathako alirushiwa na msee hata hakumwoa. Halafu kuna wale wanaambia AI iwaandikie, wanakuja kusoma baze na sauti nzito. Tunajuanga. Hiyo verse haijawahi kupanda mat.

Doo nayo? Kuna watu wananunua journal ya ngozi ngiri mbili kwa mall, wanakaa Westi na kahawa ya soo nne, wanaandika line mbili, wanapiga daftari picha, wanaishia. Hiyo si poem, hiyo ni photoshoot. Daftari ya duka ya mtaa haifiki soo. Na hata daftari si lazima. Abdilatif Abdalla alifungwa 1969 mpaka 1972 na serikali ya Jomo Kenyatta juu ya karatasi ya siasa, *Kenya: Twendapi?* Huko ndani akaandika mashairi kwa tishu ya choo. Zikatoka 1973 kama kitabu, *Sauti ya Dhiki*. Mwaka uliofuata kikabeba Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta. Tuzo yenye jina la mwenye alimfunga! Huyo ndio elder tunamtambua. Tishu ya choo, buda, na wewe unalia ati simu imehang.

Hii form ya kila siku iko na wenyewe ng'ambo pia. Maureen Thorson, mshairi wa Marekani, alianzisha NaPoWriMo 2003: mwezi wa Aprili, siku 30, mashairi 30. Mwenzake wa huko huko, William Stafford, alikuwa anarauka kabla ya watu wa nyumba aandike, na hata asubuhi ya siku alidedi, Agosti 1993, aliandika. Huku kwetu Aprili ni mvua. Fare imepanda mara mbili, Thika Road imesimama, umekaa kwa mat masaa mawili. Unataka writing retreat gani ingine?

Kuna msee wa boda kwa baze yetu, hakuwa ameshika ushairi tangu shule. Siku moja prompt ilikuwa mvua, neno lilikuwa chajio, yaani chakula cha jioni. Akaandika vile customer aliruka bila kulipa, vile alifika keja usiku na watoi wakakimbilia raincoat yake wakidhani kuna kitu imefichwa ndani. Line sita tu. Hakuna mtu alicheka. Kuanzia hiyo siku yeye ndio huamka wa kwanza kuseti prompt, na hakuna siku amelenga. Ndio maana siwezi kusikia mtu akisema hii ni mchezo ya watoto. Huyo msee alikuwa na hiyo story kwa kifua, na neno moja la insha ndio lilimfungulia.

Kwa hivyo usingoje Aprili. Prompt ya leo: deni ya duka. Neno: ayari. Mistari nne zinatosha, Sheng iko sawa, "Ewe" haiingii. Andika kabla saa sita usiku, kesho uisome baze kwa sauti, na mzee wa plot akipita, mpe ahesabu.