Gari kwenye theluji: Kagua vitu hivi kabla baridi haijakukuta barabarani

Umeendesha gari Dar, Nairobi au Goma miaka kumi. Masika unaijua, tope unalijua. Sasa uko Minneapolis, Toronto au Stockholm, na asubuhi moja unatoka nje unakuta gari limefunikwa lote na theluji. Ukisubiri siku hiyo ndipo uanze kujiandaa, umechelewa. Haya ndiyo ya kukagua mapema.

Tairi kwanza

Raba ya tairi za kiangazi huanza kukakamaa joto likishuka chini ya nyuzi 7 hivi, na ikikakamaa haishiki barabara. Tairi za baridi zina raba inayobaki laini. Utazitambua kwa alama iliyo ubavuni: mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake.

Funga zote nne. Ukifunga mbili ili kubana matumizi, upande mmoja utashika na mwingine utateleza.

Kuna sehemu ambako ni sheria. Quebec, Kanada, ni lazima kuanzia Desemba 1 hadi Machi 15. Sweden ni Desemba 1 hadi Machi 31, barabara ikiwa na theluji au barafu.

Pima upepo pia. Joto likishuka kwa nyuzi 5 au 6, tairi hupoteza takriban PSI 1. Kipimo sahihi kipo kwenye kibandiko karibu na mlango wa dereva.

Betri

Jana gari liliwaka vizuri, leo unapiga stata linakohoa tu. Ni baridi hiyo. Kwenye nyuzi sifuri betri hupoteza karibu theluthi moja ya nguvu yake, na kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri hupoteza zaidi ya nusu. Kama betri yako imefikisha miaka mitatu, ipeleke ikapimwe. Na usikose waya za kubusti kwenye buti.

Maji ya bomba yasahau

Nyumbani wengi tumezoea kujaza maji kwenye rejeta na safari inaendelea. Huku usijaribu. Maji yakiganda hutanuka, na yanaweza kupasua rejeta au hata injini yenyewe. Weka kulanti, ile ya kawaida ikichanganywa nusu kwa nusu na maji maalumu huhimili hadi nyuzi 37 hivi chini ya sifuri.

Maji ya waipa nayo yawe yale ya msimu wa baridi, vinginevyo yataganda kwenye kioo ukiwa mwendoni.

Hili linaua kimya kimya

Kabla ya kuwasha gari, nenda nyuma ukaangalie ekzosi. Ikizibwa na theluji, moshi unaweza kuingia ndani ya gari, ukiwa na gesi ya kaboni monoksaidi. Haina rangi wala harufu. Mtu huumwa kichwa, anasinzia, na anaweza asiamke tena.

Kosa ambalo wazazi hulifanya kwa nia njema ni hili: wanawasha gari, wanawaweka watoto ndani wapate joto, halafu wanaanza kuchota theluji nje. Fanya kinyume. Safisha ekzosi na eneo lote la nyuma kwanza, watoto waingie mwisho. Na usiwashe gari ndani ya gereji, hata kama mlango uko wazi.

Ukishamweka mtoto kwenye kiti chake, mvue jaketi nene kabla ya kumfunga mkanda. Jaketi hubonyea gari likigonga, mkanda unalegea, mtoto anaweza kuchomoka. Mfunge kwanza, kisha mfunike na blanketi.

Kabla ya kuondoka

Ondoa theluji yote, hata ya juu ya paa. Ukifunga breki inaweza kuporomokea kioo cha mbele na usione kitu. Usimwagie kioo maji ya moto, kitapasuka.

Ndani ya gari weka blanketi, koleo, tochi, maji, kitu cha kula na chaja ya simu. Tangi lisishuke chini ya nusu. Ukikwama, baki ndani na upige simu kuomba msaada. Washa injini dakika kama 10 tu kila saa, ekzosi ikiwa wazi na dirisha limefunguliwa kidogo.

Barabarani

Kwenye barafu gari linaweza kuhitaji hadi mara 10 ya umbali wa kawaida ili lisimame. Acha nafasi kubwa, usikate kona ghafla. Likianza kuteleza, toa mguu kwenye mafuta na uelekeze usukani unakotaka kwenda.

Na kama hali ya hewa imechafuka kabisa, piga simu kazini useme utachelewa. Bosi atanuna, lakini utafika.