Msanii aliyetambaa mitaani ili wasioonekana waonekane

MNAMO mwaka 1978, mwanamume mweusi aliyevalia suti alijilaza chini katika barabara ya 42 jijini New York, Marekani, akaanza kutambaa kwa viwiko na magoti kuelekea Times Square. Mgongoni alikuwa ameshona kitambaa cha manjano. Hakuwa mlevi wala mgonjwa. Alikuwa msanii William Pope.L, mzaliwa wa Newark.

Enzi hizo, watu wengi wasio na makao walilala kandokando ya barabara za jiji hilo. Baadhi ya jamaa zake Pope.L walikuwa wamepitia hali hiyo. Mwenye matambara akilala chini, wapita njia humkwepa kama wanavyokwepa dimbwi la maji, bila kugeuza shingo. Suti, hata hivyo, ni vazi la mwenye kazi na heshima zake. Ikionekana ikiburutwa vumbini, watu husimama na kuuliza kulikoni.

Mwaka 1991 alitambaa tena, safari hii kandokando ya bustani ya Tompkins Square, ambako polisi walikuwa wamewafurusha wasio na makao mwaka uo huo. Alivalia suti nyeusi, mkononi ameshika chungu kidogo cha maua. Mzungu mmoja alimfuata akimpiga picha za video. Mkazi mmoja mweusi alipoona hayo alihamaki, akataka kujua kwa nini mtu mweusi anadhalilishwa mbele ya kamera. Yeye mwenyewe, alilalamika, huvaa suti kama hiyo kwenda kazini.

Hasira hizo zilikuwa na msingi. Huenda hata hakuna mhakiki aliyeielewa kazi hiyo kumshinda mkazi huyo, kwani aliona upesi jinsi heshima inayoshikiliwa na vazi inavyoweza kuporomoka. Waliofukuzwa bustanini, ambao hawakuwa na suti, hawakuwa wakimsimamisha mtu.

Kuanzia 2001, Pope.L alitambaa katika barabara ya Broadway, yapata kilomita 35, akivaa mavazi ya Superman, na mgongoni amefunga ubao wenye magurudumu. Kutambaa huchosha mwili mno, hivyo aliikata safari hiyo vipande vipande hadi 2009.

Mnamo Septemba 2019, miaka minne kabla ya kifo chake, watu zaidi ya 100 walijitolea kutambaa kwa zamu katika mitaa ya New York, wakiwa wamefungwa vitambaa machoni na kuvuliwa kiatu kimoja.