Mavazi ya Kaskazi na Njia ya Upepo

Pepo za kaskazi zinapokwisha kushika, na jua la Januari na Februari likaanza kuyachoma mapaa ya mabati tangu saa tatu ya asubuhi, ndipo sisi mafundi wa cherehani wa mwambao tunapopata wateja wa namna mbili: wale wajao kushonesha nguo mpya, na wale wajao na nguo iliyokwisha kushonwa, wameikunja na kuibana kwapani kama watu waliokuja kurudisha deni, wakiomba itanuliwe kidogo kwa kuwa, kwa kauli yao, inawachoma. Hawa wa pili ndio walionipa sababu ya kuandika.

Mmoja wao, kijana mpole ambaye wiki moja nyuma alikuwa bwana arusi, aliniletea kanzu iliyonunuliwa tayari dukani kwa thamani ya kanzu zangu tatu, yenye darizi ya uzi wa dhahabu shingoni na mng'aro kama wa hariri. Alinieleza kwamba tangu alipokaa mbele ya shekhe kupokea nikahi jasho lilimtiririka mpaka kwenye viwiko, na picha zote zikamwonyesha kama mtu aliyetoka kuvuta nyavu. Nilifumua uzi mmoja katika upindo wa ndani, nikauwashia kibiriti. Haukuwaka kama uwakavyo uzi wa pamba, ambao hushika moto upesi, hutoa harufu ya karatasi iliyoungua na kubakiza jivu laini la kupeperuka. Huu ulijikunja, ukayeyuka, ukaacha kidonge cheusi kigumu mfano wa punje ya mtama.

"Fundi, maana yake nini?" akauliza.

"Maana yake, mwanangu, umeoa ndani ya chupa."

Sikusema kwa mzaha. Uzi wa poliesta na chupa za maji ya kunywa hutengenezwa kwa dutu ile ile moja, na hii ndiyo sababu chupa kuukuu huweza kuyeyushwa zikasokotwa zikawa nyuzi. Pamba ikiwekwa katika hewa ya kawaida, ambayo wenyewe tungesema ni kavu, hushika maji kadiri ya sehemu 8 katika 100 za uzito wake, na kitani hushika zaidi, hata kufika 12. Poliesta haifiki nusu ya sehemu moja. Basi jasho likitoka mwilini na kukutana na kitambaa kisicholikubali, hubaki pale pale baina ya ngozi na nguo, likawa maji ya kuteleza.

Na hapa ni lazima tusimame kidogo, kwa maana watu wengi hudhani kwamba jasho ndilo linalotupoza, na hivyo mwenye kutoka jasho jingi ndiye aliyepata faraja. Sivyo. Kinachopoza mwili ni kule kukauka kwake: gramu moja ya jasho inapogeuka mvuke juu ya ngozi huchukua joto la kalori 580 hivi na kwenda nalo hewani, bali ile gramu inayodondoka chini ya kidevu, au inayofutwa kwa leso, haikuchukua kitu, na mwili uliitoa bure. Watu wa jangwani, ambao hewa yao ni kavu, hukauka kabla hawajajiona wamelowa. Sisi wa pwani, ambao katika miezi hii mchana hufika nyuzi 32 au 33 huku hewa imekwisha kujaa mvuke wa bahari, hatuna msaada mwingine ila upepo. Upepo huiondoa hewa iliyoshiba mvuke iliyoganda juu ya ngozi, ikaingia nyingine yenye nafasi ya kupokea mvuke. Kwa hiyo swali la kwanza la kuulizwa juu ya nguo ya kaskazi, kabla ya rangi na kabla ya jina la aliyeibuni, ni hili: upepo utapita wapi?

Wazee waliotuachia mkato wa kanzu walilijibu swali hilo bila ya kuandika hata mstari mmoja wa elimu ya joto. Kanzu ya kale ina badani mbili, ya mbele na ya nyuma, zinazoshuka wima kutoka mabegani. Kisha kila ubavu hutiwa taharizi, yaani kipande kilicho chembamba juu na kipana chini, ambacho ndicho kinachoifanya nguo ifunguke kadiri inavyoteremka. Na chini ya mkono hutiwa kikwapa, kijitambaa kidogo cha pembe nne ambacho mteja hakioni, na fundi mvivu hukiacha, lakini ndicho kinachoruhusu mkono kuinuka bila ya kuivuta nguo nzima na ndicho kinachokiepusha kitambaa kugandamana na mahali palipo na jasho zaidi ya pote. Avaapo mtu kanzu ya namna hiyo akatembea, upindo wa chini hupepea na kurudi mfano wa mivukuto ya mhunzi, ukiingiza hewa kwa chini. Hewa ile ikiisha kupata joto la mwili huwa nyepesi, hupanda, ikatokea shingoni na mikononi. Kwa hakika mtu amevaa bomba la moshi, na moshi wake ni hari yake mwenyewe.

Siku hizi vijana hutaka kanzu ya kubana, iliyokatwa kwa kufuata kiuno, na mimi huwashonea kwa sababu nina watoto wa kulisha. Lakini kila ninapoondoa taharizi huona kama ninaziba dirisha la nyumba ya mtu aliye ndani.

Kuhusu rangi, fikira zetu ni kwamba nyeupe hupoza na nyeusi huunguza, na aghalabu ni kweli, hasa kwa nguo iliyokaza mwilini. Walakini mwaka 1980 wanachuoni wanne, Shkolnik, Taylor, Finch na Borut, walichapisha katika jarida la Nature uchunguzi walioufanya kwa majoho ya Mabedui, wakamsimamisha mtu juani jangwani, mara amevaa joho jeusi, mara jeupe, wakaona kwamba joto lililofika mwilini lilikuwa sawa. Joho jeusi lilikuwa limepata moto zaidi kwa nje, hilo halina shaka; ila moto ule ulichukuliwa na upepo uliokuwa ukipanda ndani ya nguo pana kabla ya kuifikia ngozi. Mama zetu waliovaa buibui la zamani, lile pana la kujitanda, hawakuwa wajinga kama walivyodhaniwa na wageni. Nisingependa, hata hivyo, msomaji wa kike achukue maneno haya akaenda kununua buibui la poliesta lililobana mabega, kisha akaja kunilaumu: siri ilikuwa katika upana, na jangwa lile halina unyevu wa Forodhani.

Kwa wanawake lakini kuna nguo iliyomaliza maneno yote, nayo ni kanga. Ni pamba tupu, nyepesi, yenye urefu wa mita moja na nusu hivi na upana wa zaidi kidogo ya mita moja, huuzwa doti, yaani mbili mbili, na kila moja ina pindo lake, mji wake na jina lake. Haikatwi wala haishonwi ila kupindwa kingo tu, na kwa kuwa haina kifungo wala mshono wa kuibana popote, mwenye kuivaa huilegeza na kuikaza kwa kadiri ya saa ya mchana. Kosa moja nimeliona mara nyingi. Kanga mpya huja na wanga wa kiwandani, ambao huipa ule ugumu na ule mlio wa karatasi inapokunjuliwa dukani; wanga huo huziba matundu ya kitambaa na kuzuia maji yasinyonywe, na mtu aliyeivaa hivyo hivyo huona kwamba inamchoma kama turubali. Iloweke usiku mmoja, ifue, ianike kivulini, kisha uivae, nayo itakuwa nguo nyingine. Ukitaka kuishona gauni, mtazame fundi wako asije akaligeuza jina likasomeka kichwa chini mgongoni mwako, kwani hilo limekwisha kutokea mjini hapa na aliyevaa alikuwa wa mwisho kujua. Ama dera, ambalo sasa limeenea katika kila nyumba, mkato wake ni mzuri kuliko kitambaa chake. Tafuta la pamba.

Wala tusidhani kwamba ustadi huu ni wa juzi. Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 aliletewa mavazi ya heshima, na la kwanza alilolitaja ni shuka ya hariri ya kufunga kiunoni badala ya suruali, ambayo, asema, watu wale hawakuijua. Tena akaeleza kwamba nguo zilizofumwa katika mji ule zilisafirishwa mpaka Misri. Kikoi cha leo, chenye mistari ya rangi kandokando na matamvua mwishoni, ni ndugu wa shuka ile. Mimi huvaa kikoi na fulana ya pamba ninaporudi kutoka dukani, na sijaona nguo ya starehe iliyobuniwa Milan au Paris iliyokishinda.

Sasa twende kwenye vitu vya kujipambia, ambavyo ndivyo vinavyomaliza fedha za watu. Rai yangu ni kwamba katika msimu wa joto mtu hahitaji zaidi ya pambo moja la thamani, na kwa mwanamume wa mwambao pambo hilo ni kofia ya mkono. Nazungumzia ile ya viua, ishonwayo Lamu, Unguja, Barawa na Ngazija, na ambayo ndugu zetu wa Oman huiita kumma. Hutengenezwa kwa vipande viwili, duara la juu na ukanda wa kuzunguka, kila kimoja kikiwa na tabaka mbili za pamba nyeupe; mshonaji huchora nakshi kwa penseli, akatoboa tundu moja moja kwa sindano, na kila tundu akalizungushia uzi mpaka likawa jicho gumu lisiloweza kuziba tena. Kofia moja huwa na mamia ya majicho hayo, na kazi yake huchukua mwezi, na zile za fahari huchukua miezi kadhaa. Kwa hiyo si ajabu bei yake kuipita ya kanzu.

Zile za mashine huuzwa kwa sehemu ndogo ya bei hiyo, na kwa mbali hufanana sana na za mkono. Ukitaka kuzitambua usiziangalie kwa juu. Itie kofia mkono ndani, uinyanyue mbele ya dirisha, uitazame kwa ndani kuelekea kwenye mwanga. Ile ya mkono itakuonyesha nyota, vitundu vya nuru vilivyojipanga kwa nakshi, na kwa vitundu hivyo ndivyo kichwa kinavyopumua. Ile ya mashine itakuonyesha giza, kwa kuwa sindano yake imechora umbo la tundu kwa uzi bila ya kutoboa. Pambo moja ni pambo na pia ni dirisha. Jingine ni picha ya dirisha iliyochorwa ukutani.

Miwani ya jua nitaipitia upesi. Weusi wa kioo si hoja, wala jina lililoandikwa pembeni. Kioo cheusi kisichozuia miale ya urujuanimno ni cha hatari kuliko kutovaa miwani, kwani mboni hupanuka gizani na kupokea miale mingi zaidi. Tafuta maandishi UV400, na muuzaji wa miwani mwenye kifaa atakupimia kama maandishi hayo ni ya kweli. Mkoba wa ngozi wa gharama kubwa, ukiuweka kabatini hapa pwani kutoka masika mpaka vuli, utautoa umeota ukungu, ilhali mkoba wa ukindu, uliosukwa ukili kisha ukashonwa kwa kuzungushwa, hupitisha hewa na hauogopi maji ya chumvi. Miguuni, makubadhi. Na mwavuli, jamani, ambao baba zetu hawakutoka bila ya kuuchukua, mvua isiwepo iwepo: sijui ni nani aliyewaambia vijana kwamba kubeba kivuli chako mkononi ni uzee.

Yule bwana arusi nilimshonea nyingine, ya bafta, yenye taharizi na vikwapa. Darizi ya dhahabu alikataa kuiacha, kwa kuwa mkewe aliipenda, nikaibandua katika ile ya kwanza kwa wembe nikaihamishia kwenye hii, kazi ya siku mbili. Pamoja nayo alileta kofia aliyorithi kwa babu yake, nyeupe iliyogeuka rangi ya maziwa, akauliza kama itafaa kufuliwa. Niliifua kwa sabuni ya kipande na maji ya vuguvugu, nikaitia wanga mwepesi, nikaivika juu ya faruma, kile kigogo cha mti kinachoizuia kofia isinywee, nikaiweka kibarazani palipo na upepo. Kufika alasiri ilikuwa imekauka, na jua lilipoinama likapita ndani ya viua vyake, kibaraza kizima kikapigwa madoadoa ya nuru. Ijumaa alikuja kuichukua.