Pregabalini: dawa isiyokatwa siku moja

Katika farmasi nyingi za mitaani, dawa inauzishwa kwa kuhesabiwa: tatu leo, zingine mbili kesho kama franka zimepatikana. Kwa pregabalini, ambayo wengine wanaijua kwa jina la Lyrica, mtindo huo ni hatari, na wagonjwa wengi hawaelezwi.

Munganga anaiandika kwa maumivu ya mishipa ya fahamu. Mwenye ugonjwa wa sukari anasikia miguu inawaka moto usiku; mwingine aliugua zona, vidonda vikapona, maumivu yakabaki. Inaongezwa pia juu ya dawa zingine kwa aina fulani ya kifafa, na huko Ulaya wanaipa watu wazima wenye wasiwasi usioisha. Inatuliza mishipa iliyochachamaa. Lakini inatuliza na ubongo, ndiyo maana inaleta usingizi na kizunguzungu, zaidi siku za kwanza. Ndugu zetu wa moto, musipande barabarani mbele ya kujua inawafanya namna gani.

Sasa, juu ya nini isikatwe mara moja? Kwa sababu mwili unaizoea. Ukiiacha ghafla, usingizi unapotea, jasho linatoka, kichefuchefu na wasiwasi vinakuja, na mwenye kifafa anaweza kuanguka tena. Inapunguzwa kidogo kidogo, kwa muda usiopungua juma moja, na munganga ndiye anapanga hatua. Kwa hiyo uliza bei ya mwezi mzima kabla ya kunywa kapsuli ya kwanza. Kama mfuko hauwezi, mwambie munganga palepale, usione haya: kwa maumivu ya mishipa kuna dawa zingine, kama amitriptilini, ambayo kwa kawaida ni ya bei ndogo. Na kama ulisha kuanza na zimebaki za siku chache tu, rudi kwake mbele haziishe.

Angalia pia nambari. Kuna kapsuli za 75, za 150, hata za 300. Farmasi ikikosa za 75 na kukupa za 300, kila moja inabeba mara nne ya ile uliyoandikiwa. Ukisahau kunywa, kunywa saa unakumbuka. Lakini kama saa ya ingine imekaribia, acha ile iliyopita. Usinywe mbili pamoja.

Kinachoua zaidi ni kuchanganya. Pregabalini pamoja na tramadoli, diazepamu, lotoko au hata kasiksi, pumzi inaweza kupungua mpaka mtu asiamke. Ukimwona anakoroma vibaya, anapumua polepole, ukimtikisa haamki, ni hopitali mbio. Wazee na wenye ugonjwa wa pumzi wako karibu zaidi na hatari hiyo. Figo ndizo zinatoa dawa hii mwilini. Zikiwa zimechoka, inabaki ndani, basi kipimo kinapaswa kupunguzwa. Mwenye mimba, au anayetaka kuzaa, aseme mapema. Uso ukivimba au mawazo ya kujiua yakikuingia, usingoje siku ya randevu.

Kuna wanaoitafuta kwa kulewa. Uingereza, tangu Aprili 2019, imeiweka kati ya dawa zinazochungwa na sheria. Kwa hiyo usimpe jirani zako zilizobaki, hata akikulilia mgongo. Tena mgongo wenyewe: utafiti wa Australia uliotangazwa mwaka 2017 ulifuata watu wenye maumivu yanayoshuka kutoka kiunoni mpaka mguuni, yale wanayoita siyatiki. Waliokunywa pregabalini hawakupata nafuu kuliko waliopewa kapsuli isiyo na dawa ndani. Kizunguzungu ndicho walichopata zaidi.