Mwaka mmoja wa maternelle: mtoto anajifunza nini, na mama apime namna gani?

Mwezi wa sita unapokaribia, ulizo moja linarudi kila mwaka kwenye mlango wa kalasi za watoto wadogo: «Mwalimu, mwaka mzima ninalipa, na mtoto bado hajui kuandika. Anajifunza nini kwenu?»

Ni ulizo la haki. Mama aliyeuza ndizi au sambaza ili apate faranga ya shule ana haki ya kujua faranga yake imefanya kazi gani. Tukumbuke vilevile kwamba masomo bila malipo, yaliyoanza mwezi wa tisa 2019, ni ya shule za msingi za serikali. Maternelle haimo. Ndiyo maana katika nyumba nyingi za hapa Bukavu hesabu inakuwa hii: mtoto ana miaka mitano, maternelle inalipwa, shule ya msingi ni bure, basi tumpeleke moja kwa moja katika kalasi ya kwanza, hata kama hajatimiza miaka sita.

Hesabu hiyo inaeleweka. Lakini mbele ya kuifanya, ni vizuri kujua ni kitu gani tunachokikata. Katika inchi yetu maternelle ina kalasi tatu, kwa watoto wa miaka mitatu, minne na mitano. Hapa nitaeleza kalasi ya tatu, mwaka wa mwisho mbele ya shule ya msingi, tangu mwezi wa tisa mpaka mwezi wa sita.

Mwezi wa tisa mpaka Noeli: kukaa pamoja na wengine

Somo la kwanza halina kaye. Ni kuachana na mama asubuhi na kuamini kwamba atarudi. Wiki ya kwanza wengi wanalia. Mwalimu hawafundishi saa ya ukutani, anawafundisha utaratibu: kwanza tunaimba, kisha tunafanya kazi ya mikono, kisha tunanawa na kula, kisha hadithi, na baada ya hadithi mama anakuja. Mtoto akishajua utaratibu huo, machozi yanakauka. Na hapo amejifunza kitu kikubwa: siku ina mwanzo, katikati na mwisho, na mambo yanafuatana.

Kisha anajifunza jina lake. Nyumbani wengi wanaitwa Bebe, Kadogo, au Koko kwa sababu wamepewa jina la mkubwa wa jamaa. Kalasini anaitwa jina lake lote, anaitikia, anasimama. Anajifunza kusema haja yake kwa maneno: «Mwalimu, ninataka kwenda choo», «huyu amenichukulia kiti», «sijaelewa». Anajifunza kungoja. Mpira ni mmoja, watoto ni ishirini na watano. Kwa mtoto wa miaka mitano, kungoja zamu bila kupiga mwenzake ni kazi nzito kuliko kuandika herufi kumi.

Kwa nini jambo hili lina maana? Kwa sababu katika kalasi ya kwanza ya shule ya msingi watoto wanaweza kuwa hamsini na zaidi mbele ya mwalimu mmoja. Huko mwalimu hawezi kuinama kwa kila mmoja. Mtoto asiyejua kuuliza, kungoja wala kusikiliza agizo linalosemwa kwa wote anabaki nyuma kimya kimya, na mama anakuja kuvijua siku ya buletini.

Mwezi wa kwanza mpaka Pasaka: mkono, sikio na ulimi

Baada ya sikukuu, watoto wamezoeana na kazi ya mkono inaongezeka. Wanafinyanga udongo, wanapasua karatasi vipande vidogo, wanapitisha uzi katika shanga au vifungo, wanachagua maharagi moja moja. Mama akipita dirishani anaona michezo. Lakini mifupa ya kiganja cha mtoto wa umri huo bado inajengeka, na vidole vinatafuta nguvu. Mtoto anayeshika kalamu kwa ngumi, kama mtu anayeshika mwiko wa bugali, anachoka haraka na anachukia kuandika. Udongo na shanga ndivyo vinavyofundisha vidole vitatu kushika kalamu bila kuikaza.

Kisha vinakuja vistari: vilivyosimama, vilivyolala, duara, milima na mabonde. Ukiona ukurasa wenye vijiti vilivyopinda, usiseme «mwaka huu tumelipa vijiti». Kijiti kimoja na duara moja ndiyo herufi «b». Mkono uliokwisha kupita huko utaandika herufi bila vita.

Sikio nalo lina masomo yake. Tunapiga makofi kwa kila kipande cha neno: ndi-zi, mara mbili, mu-ho-go, mara tatu, ma-ha-ra-gi, mara nne. Tunatafuta maneno yanayoanza kwa sauti moja: mama, maji, mapera. Mtoto anagundua kwamba neno linakatika vipande, na ndicho anachohitaji mwaka unaofuata atakapoambiwa kwamba «m» na «a» ni «ma». Asiyesikia vipande atakariri ukurasa wa kitabu kama wimbo, na ukimfunulia ukurasa mwingine atanyamaza.

Hapa ndipo mwalimu anaweza kuona jambo ambalo nyumbani halikuonekana. Mtoto anayegeuza sikio moja kila mara, anayeangalia midomo yako kwa nguvu, au anayekaribisha macho kwenye picha, pengine si mkaidi wala mvivu. Mwalimu akikuambia umpeleke kwa muganga wa masikio au wa macho, usichukie. Kuvijua na miaka mitano ni bora kuliko kuvijua na miaka kumi, baada ya kumpiga bure.

Ulimi je? Ninajua furaha ya mama anaposikia mtoto anasema «Bonjour madame» mbele ya wageni. Kifaransa ni kizuri na kitamfaa. Lakini umuulize mtoto yale aliyoyakariri yana maana gani. Akishindwa kueleza, amejifunza sauti, bado hajajifunza lugha. Katiba yetu inataja lugha nne za taifa: Kikongo, Lingala, Kiswahili na Tshiluba, na sheria ya elimu ya 2014 inazipa nafasi katika mafundisho. Si kwa heshima tu. Mtoto anayeweza kusimulia kwa Kiswahili au kwa Mashi yale yaliyotokea sokoni, «kwanza hivi, kisha hivi, mwishoni hivi», ameshika mpango wa hadithi. Atakapokutana na hadithi ya Kifaransa, atakuwa anatafuta maneno tu. Mwenzake atakuwa anatafuta maneno na mpango pamoja.

Baada ya Pasaka mpaka mwezi wa sita: hesabu inayoshikwa mkononi

Watoto wengi wanafika wakijua kuimba moja mpaka ishirini. Kuimba si kuhesabu. Ukiweka vizibo nane vya chupa mezani, mtoto anayeimba atagusa kimoja mara mbili, ataruka kingine, na atafika kumi na moja. Mwaka huu anajifunza kwamba kila kizibo kinapata namba moja tu, na kwamba namba ya mwisho inasema vyote ni vingapi.

Jaribu jambo hili nyumbani. Panga vizibo sita kwa mstari, na chini yake panga sita vingine, kila kimoja kikitazamana na mwenzake. Umuulize mtoto kama mistari ni sawa. Atasema ndiyo. Sasa, akiwa anaangalia, tawanya mstari mmoja uwe mrefu, bila kuongeza hata kimoja. Umuulize tena. Watoto wengi wa miaka minne na mitano watasema mstari mrefu una vizibo vingi. Mtaalamu wa Uswisi Jean Piaget aliandika sana juu ya jambo hilo. Usimcheke wala usimpige. Akili yake bado inafuata macho. Kadiri anavyopanga na kupangua vitu kwa mikono yake, ndivyo atakavyofika siku moja kusema: «Ni vilevile, umevisogeza tu.» Siku hiyo haiji kwa fimbo.

Pamoja na hayo anajifunza kupanga vitu kwa rangi na kwa ukubwa, kulinganisha bidoni ya litre 5 na ya litre 20, kusema juu, chini, mbele, nyuma, kabla, baada. Maneno hayo ni madogo, lakini mwalimu wa kalasi ya kwanza atayatumia kila dakika: «Andikeni chini ya mstari.» Asiyejua «chini» hata herufi yake nzuri itakuwa pahali pabaya.

«Lakini wanacheza tu!»

Mwaka 1907, mjini Roma, Maria Montessori, mmoja wa wanawake wa kwanza kuwa madaktari katika Italia, alifungua nyumba ya watoto katika mtaa wa maskini wa San Lorenzo. Wazazi walikuwa wanakwenda kazini na watoto walibaki peke yao. Aliwapa vitu vya kupanga na kuchomeka, na vilevile kazi za kila siku: kunawa, kufunga vifungo, kumimina maji, kusafisha meza. Watoto hao walishangaza watu kwa utulivu na akili, na njia yake ikaenea duniani.

Mama wa Kivu anaelewa jambo hilo kuliko wengi. Mtoto anayemimina maji toka kikombe mpaka kikombe bila kumwaga anafundisha jicho na mkono kufanya kazi pamoja. Kwa hiyo tofauti kati ya maternelle nzuri na mbaya haiko katika wingi wa kurasa. Pahali ambapo watoto wa miaka mitano wanakaa asubuhi nzima mikono kifuani, wananakili ubao na wanapigwa wakikosa, hapo ndipo faranga yako inapotea, hata kama kaye imejaa.

Mama apime nini mwishoni mwa mwaka?

Usiangalie kaye peke yake. Angalia mtoto:

– Anaweza kukaa na kusikiliza hadithi fupi, na kuisimulia kwa maneno yake?
– Ukimpa maagizo mawili pamoja, «chukua kikombe, kisha ufunge mlango», anafanya yote mawili?
– Anahesabu vitu kumi kwa kuvigusa bila kuruka?
– Anashika kalamu kwa vidole, na anachora mtu mwenye kichwa, mikono na miguu?
– Anakwenda choo, ananawa na kuvaa peke yake?
– Anagombana na mwenzake kisha wanapatana bila mkubwa kuingia?

Akiweza mengi kati ya hayo, mwaka umezaa matunda, hata kama hajui kuandika zaidi ya jina lake. Akishindwa mengi, zungumza na mwalimu mbele ya likizo, si mwezi wa tisa.

Na yule wa miaka mitano tunayetaka kumkimbiza katika kalasi ya kwanza kwa sababu ni bure? Shule ya msingi imepangwa kwa mtoto wa miaka sita. Mdogo anayeingizwa mapema anaweza kusinzia, kukariri bila kuelewa, kisha kurudilia kalasi. Mwaka tuliodhani tumeuokoa tunaulipa baadaye, na mtoto anaulipa kwa aibu ya kuachwa na wenzake. Kama njia ipo ya kupata faranga ya mwaka ule wa mwisho tu, hata kama kalasi mbili za kwanza hazikuwezekana, huo ndio mwaka wa kutafutia.

Najua kuna nyumba ambamo njia hiyo haipo. Hakuna mama wa kulaumiwa hapo. Vikundi vyetu vinaweza kusaidia kwa namna mbili. Ya kwanza ni likelemba ya shule: wanaokusanya kila wiki wapange zamu ya mwezi wa tisa kwa wamama wenye watoto wa miaka mitano. Ya pili ni asubuhi mbili au tatu kwa wiki katika kiwanja cha mama mmoja, kwa zamu. Vitu vya kutumia havinunuliwi: vizibo, maharagi, udongo, vipande vya kitenge, beseni ya maji, na koko mmoja anayejua hadithi. Mama wawili wakae na watoto kumi, si mmoja na thelathini. Maji ya kunawa yawepo, na kiwanja kiwe mbali na barabara. Hiyo haitakuwa shule kamili, lakini mtoto atafika kalasi ya kwanza akijua kusikiliza, kusema, kuhesabu kwa mkono na kungoja zamu.

Likizo kubwa inakaribia. Katika mkutano ujao wa kikundi, kila mama mwenye mtoto atakayetimiza miaka mitano mbele ya mwezi wa tisa ataje jina lake, ili tujue ni wangapi na tuanze kupanga mapema.