Sentensi Iliyoandikwa Saa Tatu Usiku

Sentensi hiyo ilianza na maneno mawili, "Hata mimi". Ikaendelea kwa mistari miwili na nusu, ikalala usiku mmoja, na kesho yake aliyeiandika akaifuta yote. Katika kazi iliyokabidhiwa kwa mwalimu haimo. Mwalimu ameisoma hata hivyo, na tangu aisome hajatulia. Nami tangu anisimulie sijatulia.

Ni mwalimu wa Kiswahili katika shule ya sekondari ya kutwa jijini Dar es Salaam. Aliomba nisimtaje jina wala nisiitaje shule, kwa sababu aliyeandika sentensi hiyo ni mwanafunzi wake wa Kidato cha Tatu, na jina moja likijulikana la pili haliko mbali. Wanafunzi humwita Madamu. Nitamwita hivyo.

Kazi yenyewe ilikuwa uhakiki wa riwaya ya Emmanuel Mbogo, Watoto wa Mama N'tilie, na ilifanywa kwa makundi. Kila aliyepita sekondari anaujua mkataba wa kazi za makundi: mmoja anaandika, wengine wanatia majina, alama wanapata sawa. Madamu anasema mkataba huo ulikuwa ukiwaumiza watoto walewale kila muhula, wale wasiojua kukataa. Ndipo akahamia Google Docs. Kila kundi likapewa faili moja kwenye intaneti, kila mwanafunzi akaingia kwa akaunti yake, wote wakaandika katika ukurasa mmoja kwa wakati mmoja, na kishale cha kila mmoja kikawa na rangi na jina.

Mbinu inayowezesha jambo hilo ni ya siku nyingi. Mwaka 1989 Clarence Ellis na Simon Gibbs, watafiti waliokuwa Austin, Texas, walieleza namna watu kadhaa wanavyoweza kuhariri maandishi mamoja bila kugongana: badiliko la mmoja likichelewa kufika, programu hulirekebisha kwanza ili lilingane na yale ambayo wenzake wamekwisha kuyafanya, ndipo hulipokea. Google ilipoinunua programu ya Writely mwaka 2006, uandishi wa namna hiyo ukaanza kuwafikia watu wa kawaida.

Lakini kilichomteka Madamu, na kilichoniteka mimi nilipoketi naye mbele ya kompyuta ya chumba cha walimu, ni historia ya matoleo. Ukiifungua, upande wa kulia inatokea orodha ya tarehe na saa, na chini ya kila saa majina yenye rangi. Ukibonyeza saa fulani, ukurasa unarudi kama ulivyokuwa saa hiyo. Kilichoongezwa kina rangi ya aliyekiongeza. Kilichoondolewa kimepigwa mstari katikati, bado kinasomeka. Neno lililoandikwa na kufutwa papo hapo huweza kupita bila kuacha alama. Lililolala usiku mmoja halipiti.

Alinifungulia faili la kundi moja baada ya kuyafunika majina kwa kipande cha karatasi alichokibandika kwenye kioo. Rangi ya kijani ilikuwa imetanda aya nzima nzima: huyo ni kijana mwenye maneno, ambaye darasani mkono wake hauteremki. Rangi ya chungwa ilitua mara moja tu, kama bonge, aya ndefu isiyo na kosa hata moja iliyoingia yote kwa mkupuo. Madamu anasema bonge la namna hiyo limetoka mahali pengine likabandikwa, na hahitaji kuuliza limetoka wapi.

Kisha kulikuwa na zambarau. Nilidhani ni uchafu wa kioo. Herufi moja hapa, herufi mbili kule. Kijani aliandika kwamba matatizo ya familia ya Mama N'tilie "inatokana na umaskini"; zambarau akaifanya "yanatokana". Kijani aliandika "vyombo ya mama". Zambarau akaweka "vya". Kijani aliandika "watoto hao ilibidi iache shule"; likawa "ilibidi waache". Tulishuka na Madamu ukurasa hadi ukurasa, na popote sentensi ilipochechemea, zambarau alikuwa amepita. Madamu anasema msichana huyo hajawahi kujibu swali darasani bila kutajwa jina, na sauti yake haifiki dawati la tatu. Kwa miaka miwili alimpa alama za mtu wa kawaida. Hakuna karatasi ambayo ingemwonyesha kazi hii, maana kwenye karatasi marekebisho mazuri hayaachi alama yoyote. Alipolisema hilo macho yake yalimelemeta, na sidhani ni mwanga wa kioo.

Saa nazo zilisema mambo. Zambarau hakuonekana kamwe kabla ya saa tatu usiku. Madamu alitafakari siku kadhaa kabla hajaelewa. Wanafunzi hawaruhusiwi kuja na simu shuleni, na chumba cha kompyuta kina mashine chache kuliko watoto, hivyo kazi nyingi humaliziwa nyumbani kwa simu ya mzazi. Mama wa msichana huyu anauza chakula. Simu inarudi nyumbani na mama, na mama hurudi usiku. Wapo wengine ambao usiku hawaonekani kabisa, na Madamu alikuwa amewaandika wavivu katika daftari lake mpaka alipojua kwamba nyumbani kwao simu ni ya kupokea pesa na kupiga inapolazimu, basi. Aliyafuta maoni hayo. Siku hizi anatoa alama kwa kile tu kilichofanyika ndani ya kipindi, jambo ambalo nalo linamnyima zambarau haki yake.

Na hata ndani ya kipindi historia husema uongo. Watoto watatu wakikaa mbele ya mashine moja, aliyeingia kwa akaunti yake ndiye anayeandikiwa kila kitu, hata kama wazo ni la aliyesimama nyuma yake. Madamu alijaribu kuwabadilishia zamu za kibodi, akaona muda unaishia kwenye nywila zilizosahauliwa. Alijaribu pia kiungo cha wazi, ambacho mtu huingia bila akaunti na kuonekana kwa jina la mnyama. Anasema darasa halijawahi kuandika kwa uhuru namna ile. Waliojificha wote walitoka. Ila historia ikawaweka wote katika jina moja la wasiojulikana, na kazi ikarudi palepale, alama sawa kwa wote.

Sasa ile sentensi. Riwaya ya Mbogo inawahusu Peter na Zita, watoto wa mama anayeuza chakula, wanaofukuzwa shule kwa kukosa ada. Tangu mwaka 2016 shule za sekondari za umma hazitozi ada hadi Kidato cha Nne, na pengine wapo wanaodhani kitabu hicho kimezeeka. Katika aya ya kundi kuhusu Zita, zambarau, ambaye siku zote alikuwa akirekebisha ya wengine, aliandika kwa mara ya kwanza sentensi yake mwenyewe. Madamu hakunionyesha. Alinitajia maneno mawili ya mwanzo, akaifunga historia, na sikuomba zaidi.

Anachojua ni kwamba sentensi ilikuwa kweli, ilikuwa nzuri kuliko yote yaliyobaki katika ukurasa ule, na ina jambo ambalo mwalimu akiliona kwa mtoto anapaswa kulishughulikia. Anachojua pia ni kwamba mtoto aliamua asiseme. Kuna jambo la tatu linalomkosesha usingizi zaidi: kila mwenye ruhusa ya kuhariri faili anaweza kuifungua historia hiyo, kwa hiyo kundi zima lingeweza kuisoma, mchana ule ilipokuwa wazi na hata leo. Hajui kama kuna aliyeisoma, au kama kuna aliyemwambia jambo lililomfanya aifute.

Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Madamu anaifahamu. Swali lake lilikuwa la karibu zaidi ya hapo. Nilimuuliza kama kufungua historia kunatofautiana na kuchakura jalala la darasa kutafuta karatasi alizozichana mwanafunzi. Alinyamaza, kisha akasema jalalani asingekwenda. Nilimuuliza kama angependa asingeisoma. Akasema hapana, na hapo hapo akasema ndiyo.

Alichofanya ni kuliambia darasa ukweli. Aliwaonyesha historia ya matoleo kwenye faili lake mwenyewe, makosa yake yote na aliyoyafuta, akawaeleza kwamba naye huiona ya kwao. Hakumtazama mtu. Naona alifanya jambo la haki, na ilihitaji moyo. Wiki iliyofuata makundi yote yalikuja na rasimu zilizoandikwa kwa kalamu kwenye madaftari, wakaketi, wakanakili kazi iliyokamilika. Historia ikajaa mabonge safi ya rangi mojamoja. Zambarau hayumo tena. Upatanisho wa kisarufi siku hizi unasahihishwa kwenye daftari, kwa kifutio, na Madamu hana namna ya kujua ni mkono wa nani.

Na msichana bado hajaitwa. Madamu anasema akimwita atalazimika kusema amejuaje, na asipomwita, lile jambo linabaki lilipo. Muhula ujao kuna uhakiki wa tamthilia. Hajaamua kama atawafungulia mafaili mapya au atawanunulia karatasi za manila.